Kisomeo na Kishikwambi

Msomaji, vipo vyombo viwili vya umeme ambavyo siku hizi vyagombea mkono wako wa kushikia kitabu. Kimoja ni kishikwambi, kibao cha kioo king'aacho ambacho huonyesha picha, huimba nyimbo, hupeleka barua, hufanya hesabu, na miongoni mwa kazi hizo nyingi hufungua vitabu pia. Cha pili ni chombo kilichotengenezwa kwa kazi ya kusomea vitabu peke yake. Kwa ufupi nitakiita kisomeo. Wako watu wasemao kwamba kisomeo kimekwisha siku zake, na kwamba hapana haja ya kununua chombo cha kazi moja wakati chombo cha kazi mia kimejaa madukani. Mimi nasema kinyume. Nasema kwamba katika kazi ya kusoma kitabu kirefu tangu mwanzo hadi mwisho, kishikwambi hakiwezi kushindana na kisomeo, na kwamba udhaifu wake watokana na wingi ule ule wa kazi ambao wasifu wake hujivunia.

Usidhani kwamba huu ni ubishi wa watu wenye fedha za kuchezea. Mzazi auzaye magunia mawili ya mahindi ili amnunulie mtoto wake chombo cha masomo hawezi kununua viwili. Shule yenye fungu dogo la fedha haiwezi kujaribu hiki leo na kile kesho. Na uchaguzi mbaya hauonekani siku ya kununua. Huonekana mwisho wa mwaka, chombo kikiwa kimechakaa kwa kutumika, na vitabu vilivyomo ndani yake havijapata msomaji.

Kwanza yafaa tukijue kisomeo, maana wengi hukihukumu bila ya kukifahamu. Uso wake si taa. Ndani ya uso huo mna vifuko vidogo sana, ambavyo unene wake wakaribia unene wa unywele wa mtu. Katika kila kifuko mna majimaji maangavu, na katika majimaji hayo huelea chembe nyeupe na chembe nyeusi. Chembe nyeupe zina chaji ya umeme ya namna moja, na nyeusi zina chaji ya namna ya pili. Umeme upitishwapo, chembe za rangi moja huvutwa juu na za rangi nyingine huzama. Basi pale juu hutokea nukta nyeusi au nyeupe. Nukta nyingi zikipangwa hufanya herufi, na herufi hufanya ukurasa. Ukurasa ukisha kupangwa, umeme hukoma kazi yake, na maandishi hubaki pale pale kama wino ubakivyo katika karatasi. Umeme hauhitajiwi tena kwa maandishi hayo mpaka ufunue ukurasa mwingine.

Kampuni iliyoleta wino huu sokoni, iitwayo E Ink, ilianzishwa mwaka 1997 kutokana na kazi ya wataalamu wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, huko Marekani. Mwaka 2004 kampuni ya Sony ilitoa Japani kisomeo cha kwanza cha wino huo kilichouzwa kwa watu wote, nacho kiliitwa Librié. Novemba 2007 kampuni ya Amazon ikatoa kisomeo chake, Kindle, kwa bei ya dola 399, na shehena ya kwanza ikaisha kwa muda wa saa chache. Kwa hiyo kisomeo kilikuwa kimekwisha kupata wapenzi wake kabla ya vishikwambi kuenea.

Halafu ukaja mwaka 2010. Mwezi wa Januari kampuni ya Apple ilitangaza iPad, na mwezi wa Aprili ikaanza kuiuza kwa dola 499. Ilikuwa na rangi zote, ilikuwa nyepesi kutumia, na mlikuwamo duka la vitabu. Watabiri wakatabiri. Walisema kwamba kisomeo, chenye uso wa kijivu na kasi ya kobe, kitamezwa kama dagaa amezwavyo na papa. Wala hawakukosa ushahidi wa kuonyesha. Mwaka 2011 Amazon yenyewe ilitoa kishikwambi chake, na mwaka 2014 Sony, iliyokuwa ya kwanza katika biashara ya visomeo vya wino, ikajitoa katika biashara hiyo. Lakini papa hakumaliza kazi. Visomeo vingali vyatengenezwa na vingali vyanunuliwa, na waliovitengeneza wamezidi kuvitengeneza vizuri. Yatupasa kuuliza sababu.

Sababu ni kwamba watabiri walilinganisha vyombo viwili kwa kuhesabu kazi zake. Hesabu ya namna hiyo haina maana. Panga hukata kuni, hufyeka majani, huchimba shimo la mche wa mgomba, na hupasua nazi. Wembe hauwezi hata moja katika kazi hizo. Hata hivyo hapana kinyozi anyoaye watu kwa panga, wala hapana mtu mwenye akili ambaye angekaa kitini mwa kinyozi huyo. Ukitaka kujua kama chombo chashindana na kingine, taja kwanza kazi. Kazi ninayoitaja mimi ni kusoma.

Na kusoma kitabu ni nini? Ni kumsikiliza mtu mmoja kwa muda mrefu bila ya kumkatiza. Mwandishi ameketi miaka miwili au mitatu akipanga maneno yake. Naye akuomba umpe saa kumi au ishirini za masikio. Katika saa hizo atakuambia jambo katika sura ya kwanza ambalo maana yake haitadhihirika ila katika sura ya kumi na mbili. Ukimkatiza kila dakika tano, utapata maneno yake na utakosa usemi wake. Wazee wetu walimfundisha mtoto kwamba si adabu kumkatiza mtu mzima asemapo. Basi chombo kizuri cha kusomea ni kile kimsaidiacho msomaji kuishika adabu hiyo.

Tuvipime sasa vyombo vyetu, na tuanze na mambo ya mwili kabla ya mambo ya akili. Chukua kishikwambi ukakae chini ya mwembe saa saba za mchana. Kioo chake kitakuonyesha uso wako, matawi ya mwembe, na mawingu, na kwa nyuma yake maandishi hafifu. Ni hivyo kwa kuwa taa yake yashindana na jua, na jua halishindwi na taa. Kisomeo hakishindani na jua. Hulitumia, kama karatasi ilitumiavyo; kwa kadiri mwangaza unavyozidi, ndivyo maandishi yanavyozidi kuonekana. Katika nchi yetu yenye jua tele, ambako wanafunzi wengi husomea uwanjani na barazani, jambo hili si dogo.

Tazama pia uzito. iPad ya kwanza ilikuwa na uzito wa gramu 680, na Kindle ndogo ya mwaka 2022 ina gramu 158. Vishikwambi vimepungua uzito tangu wakati ule, lakini mkono ulioshika kitabu saa nzima hujua tofauti hata ya gramu mia mbili.

Halafu kuna umeme. Mtengenezaji wa Kindle hiyo ya mwaka 2022 alisema kwamba betri yake yaweza kukaa majuma sita. Usipokee neno la mfanya biashara kabla ya kulipima. Majuma hayo sita yalihesabiwa kwa msomaji asomaye nusu saa kila siku, naye amefunga mawasiliano ya intaneti. Siku 42 kwa nusu saa ni saa 21. Mtengenezaji wa iPad hutaja saa 10. Kwa hiyo tofauti ya kweli wakati wa kusoma si ya majuma kwa saa, ila ni ya saa 21 kwa saa 10. Ni tofauti ya mara mbili, nayo yatosha. Lakini iko tofauti nyingine. Kisomeo kilicholazwa mezani karibu hakili kitu. Kishikwambi kilichoachwa wazi kwa mawasiliano hupokea ujumbe, hutafuta habari, na hujimaliza chenyewe kabla mwenyewe hajakishika. Nyumbani ambako umeme ni wa kibao kimoja cha jua juu ya paa, nao wagawanywa baina ya taa, redio, na simu ya baba, tofauti hiyo ndiyo hukata shauri kama mtoto atasoma au hatasoma.

Kuna na habari ya usingizi. Mwishoni mwa mwaka 2014 wataalamu wa hospitali moja ya Boston walitangaza uchunguzi wao juu ya watu wazima 12. Watu hao walisoma saa nne kila jioni kabla ya kulala. Siku tano kwa iPad, na siku tano kwa kitabu cha karatasi. Waliposoma kwa iPad walichukua kama dakika kumi zaidi kupata usingizi, na asubuhi walikuwa wazito zaidi. Sitaki kuutumia uchunguzi huo kupita kiasi chake. Watu 12 ni wachache, dakika kumi si usiku kucha, na kisomeo cha wino hakikuwamo katika mashindano. Nasema hivi tu: nuru itokayo ndani ya kioo na kuelekea machoni si sawa na nuru iangukayo juu ya ukurasa. Hata visomeo vyenye taa, ambavyo vilienea tangu mwaka 2012, taa zake huwekwa pembeni na kumulika uso wa ukurasa. Basi mwanafunzi asomaye usiku na kuamka alfajiri ana haki ya kuijua tofauti hiyo.

Mpaka hapa nimesema juu ya macho, mikono, betri, na usingizi. Hayo yote, wapinzani wangu waweza kusema, mafundi watayarekebisha. Huenda. Lakini liko jambo moja ambalo fundi hawezi kulirekebisha katika kishikwambi bila ya kukifanya kisiwe kishikwambi tena, nalo ndilo kiini cha maneno yangu. Kishikwambi hakikutengenezwa ili ukae mahali pamoja. Unaposoma ukurasa wa arobaini, mchezo u nyuma ya ukurasa huo. Mpira wa jana u nyuma yake. Rafiki mwenye habari mpya yu nyuma yake. Kidole kimoja chatosha kuondoka. Tena si wewe tu uendaye kwao. Wao huja kwako. Hulia, hutetema, hujitokeza kwa maandishi juu ya ukurasa wako. Na kuja kwao si bahati mbaya. Programu nyingi zitolewazo bure hupata fedha zake kwa matangazo, na tangazo halina faida ila likionekana. Kwa hiyo ziko kampuni kubwa ambazo kipato chake chategemea wewe kukiacha kitabu chako. Kisomeo hakina nguvu ya kukupeleka huko. Hata vile vyenye njia ya kufungulia intaneti, njia hiyo ni nzito na haina utamu, na msomaji hurudi upesi katika ukurasa wake. Watu hukiita upungufu. Mimi nakiita uaminifu. Njia mbili zilimshinda fisi, na kishikwambi humwekea msomaji wake njia mia.

Hapa mpinzani hunijibu kwa neno lenye sura nzuri. Husema, "Lawama si ya chombo, bali ni ya mtumiaji. Mwanafunzi mwenye nidhamu atazima arifa zote na kusoma." Ni kweli kwamba wako wanafunzi wa namna hiyo, na nawasifu. Lakini nidhamu ni mali, na mali huisha kwa kutumiwa ovyo. Mtu aliyefunga saumu hakai kando ya sufuria ya pilau tangu alfajiri hadi magharibi. Si kwamba imani yake ni haba; ni kwamba hana sababu ya kuitumia imani yake yote kupigana na harufu. Vivyo hivyo, nguvu ya akili ambayo msomaji huitumia kujizuia asifungue mchezo ni nguvu iliyotolewa katika kuelewa kitabu.

Mpinzani mwingine husema, "Basi shule na ivifunge vishikwambi, kila programu izuiwe isipokuwa ya kusomea." Tafakari neno hili, maana lajishtaki lenyewe. Kwanza wasema tununue kishikwambi kwa sababu kina kazi mia. Kisha wasema tufunge kazi tisini na tisa ili ile moja ifanyike vema. Kama mwisho wa shauri lao ni kukigeuza kishikwambi kiwe kisomeo, kwa nini tusinunue kisomeo tangu mwanzo, chenye ukurasa usioogopa jua na betri isiyokimbia?

Hapa Kenya jambo hili lina historia. Mwaka 2013 taifa liliahidiwa kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza, na tangu mwaka 2016 shule za msingi za serikali zilianza kupelekewa vyombo hivyo, wanafunzi wakipewa vishikwambi. Idadi ya vyombo vyote ilipita milioni moja. Wako waitazamao habari hii na kusema kwamba serikali imekwisha kuamua. Haikuamua jambo hili. Mtoto wa miaka sita ajifunzaye herufi kwa picha na sauti hafanyi kazi moja na kijana wa sekondari aliyewekewa mbele yake riwaya, tamthilia, na diwani ya kutahiniwa. Mtoto yule ahitaji kuonyeshwa. Kijana huyu ahitaji kuachwa na kitabu chake.

Wala visomeo si wageni katika Afrika. Shirika la Worldreader lilianza mwaka 2010 kwa kupeleka visomeo katika shule za Ghana, na baadaye shule na maktaba za umma za Kenya zikavipata. Ni kweli kwamba shirika hilo hilo lilitia vitabu katika simu pia, kwa kuwa watu wengi walikuwa nazo tayari. Silaumu. Asiye na mtumbwi huvuka kwa gogo. Lakini atumiaye gogo kwa sababu hana mtumbwi hajatoa ushahidi kwamba gogo ni bora.

Haki yataka nitaje pale kishikwambi kishindapo. Ramani yenye rangi, mchoro wa moyo upigao, jaribio la kemia lionyeshwalo kwa picha ziendazo, ukurasa mkubwa wa hisabati usiokubali kupunguzwa: katika hayo kisomeo ni kiwete. Visomeo vya rangi vimekwisha kutoka, hata Amazon ilitoa chake mwaka 2024, lakini rangi zake ni pole na picha zake haziendi vema. Mwalimu wa jiografia akitaka kishikwambi darasani, mpeni. Mimi nanena juu ya kitabu kisomwacho kwa kufuata mkondo wa maneno.

Haki yataka pia nitaje aibu ya kisomeo. Julai 2009 Amazon iliingia kwa mbali katika Kindle za wateja wake na kufuta nakala walizokwisha kuzilipia za vitabu viwili vya George Orwell, *1984* na *Animal Farm*, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Fedha zilirudishwa na kampuni ikaomba radhi, lakini mwanafunzi mmoja wa sekondari huko Marekani alikwenda mahakamani, kwa kuwa maelezo aliyoyaandika kwa ajili ya masomo yake yalipoteza maana pamoja na kitabu. Tena vitabu vya Kiswahili vilivyomo katika maduka hayo ni haba mno mbele ya vile vya Kiingereza. Makosa haya ni makubwa. Lakini yatazame vizuri: ni makosa ya wauza vitabu, si ya wino. Kitabu ulichokinunua katika duka lile lile na kukifungua kwa kishikwambi chaweza kuondolewa vile vile, na uhaba wa vitabu vya Kiswahili hauponywi kwa kioo chenye rangi.

Lasalia neno la bei. Husemwa kwamba kwa fedha ya kisomeo waweza kupata kishikwambi cha bei rahisi, na kwamba kwa hiyo utapata kazi mia kwa bei ya moja. Kindle ya mwaka 2022 ilitolewa kwa karibu dola 100, na kwa kiasi hicho kishikwambi hupatikana. Lakini ndani ya kisomeo hicho huingia vitabu maelfu. Bei yake ikigawanywa kwa vitabu vitakavyosomwa, huwa ndogo. Na kishikwambi kilichobeba vitabu mia ambavyo havikusomwa ni ghali hata kama kilitolewa bure.

Ukiniuliza juu ya kitabu cha karatasi, nitakujibu kwamba sina ugomvi nacho. Hicho ndicho mzee wa nyumba, na kisomeo ni mwanawe aliyerithi tabia yake: kutulia. Asiye na kisomeo na ashike karatasi, hajapungukiwa.

Wala sikuombi uniamini kwa sababu mimi ni mwalimu. Tafuta vyombo vyote viwili, au kishikwambi na kitabu cha karatasi kama kisomeo hakipatikani. Chagua riwaya moja. Soma saa moja kwa hiki, na siku ya pili saa moja kwa kile, mahali pamoja na wakati mmoja. Kila mara andika kurasa ulizozisoma, mara ulizoondoka katika ukurasa, na mambo unayoyakumbuka bila ya kutazama. Kisha linganisha. Hesabu hiyo utakuwa umeifanya kwa mkono wako, na hapana mfanya biashara awezaye kukufanyia.